Gitaa la Wanyika na Swali la Ubunifu

Wengi wanaohukumu muziki wa dansi hupima ubora wa mpiga gitaa kwa wepesi wa vidole vyake na wingi wa noti anazozimimina. Kwa kipimo hicho, kifungu kifupi kirudiwacho tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho huitwa kazi ya mwanafunzi. Tena bendi zetu zilizokitumia huambiwa kwamba ziliiga tu rumba ya Kongo. Makala haya yakusudia kuonyesha ya kuwa kipimo hicho kina kasoro. Kifungu hicho nitakiita kibwagizo cha gitaa, ingawa kibwagizo cha shairi hufunga ubeti, na hiki huubeba wimbo mzima.

Mfano wetu una asili yake katika kundi lililopitia Arusha. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walipigia Jamhuri Jazz ya Tanga. Mwaka 1970 walihamia Arusha, chini ya Mlima Meru, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka 1971 walivuka mpaka kwenda Nairobi, na huko wakajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao, miongoni mwao Omar Shabani wa gitaa la rizim na Tommy Malanga wa besi, walijitenga, wakaunda Les Wanyika pamoja na John Ngereza. Wimbo wao uitwao “Sina Makosa” watosha kuwa shahidi.

Msikilizaji wa wimbo huo hana haja ya kumngoja mwimbaji. Magitaa ya mwanzo yamekwisha kuutambulisha. Rizim huzunguka palepale bila haraka. Besi haijazi kila nafasi, bali huacha pengo, na katika pengo hilo gitaa husikika wazi. Liondoe gitaa, na maneno yatabaki kama shairi lililopotewa na mizani.

Je, huku ni kuiga Kongo? Deni lipo, wala halifichiki. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi akipiga “Masanga” mwaka 1952, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi vidole vya mtu mmoja viwezavyo kutoa besi na sauti ya juu kwa pamoja. Wanyika waliigawa kazi hiyo kwa watu kadhaa, wakajifunza kunyamaza kwa zamu. Aliyekopa mbegu akalima shamba lake mwenyewe haitwi mwizi.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Kibwagizo cha gitaa kinachofungua “Satisfaction” ya Rolling Stones, wimbo wa mwaka 1965, kina noti tatu tu zilizo mbalimbali, nacho chajulikana dunia nzima. Na wakazi wa Meru hawakungoja gitaa ili wajue ladha ya marudio: katika nyimbo za wasemaji wa Kimaa, kundi hurudia mvumo mfupi wa koo, na kiongozi huimba juu yake.

Mwanafunzi wa lugha hastaajabu. Kiswahili kina irabu tano. Hakuna mshairi aliyebuni ya sita, na bado mashairi mapya hutungwa. Upya wa shairi watokana na mpangilio wa sauti zile zile, pamoja na mahali pa kituo. Ndivyo ilivyo kwa gitaa.

Hata hivyo, uchache una hatari yake. Kibwagizo kifupi huigwa upesi, na makundi yenye jina la Wanyika yalipoongezeka huko Nairobi, mtindo mmoja ulienea hata nyimbo kadhaa zikafanana. Lakini hili lathibitisha hoja yetu: kilicho rahisi kuigwa si lazima kiwe rahisi kubuniwa. Waigaji walizipata noti, wasiyapate mapengo.

Kwa hiyo, mhakiki asihesabu noti. Na aulize mambo mawili: je, kibwagizo hiki chatambulika kikipigwa peke yake? Na wimbo ukikikosa, wasimama? Kijana wa Arusha anayejifunza gitaa leo akiambiwa kwamba hajui kitu mpaka akimbize vidole, anafundishwa kuudharau urithi uliopita katika mji wake mwenyewe. Na afundishwe kwanza kuacha nafasi.