Kisima cha Shemeji Hakikustahili Mita Moja

Kazi ya kulifufua shamba la dada yangu hapa Mikindani, Mombasa, mmeiona wenyewe. Robo eka iliyo kando ya njia haijifichi, na tangu shemeji astaafu bandarini hakuna aliyepita pale bila kusimama kidogo: baba na jembe, mama na karai, watoto wakigombania toroli. Kwa hiyo sitasimulia upya. Nataka kuzungumzia asubuhi moja tu, ile mashine ya kuchimbia kisima ilipofika mita 40, ikatema tope la kijivu lisilo na maji, fundi akageuka kumtazama mwenye pesa, na shemeji akasema, "Endelea."

Hapo ndipo kiinua mgongo kilipozikwa.

Nitoe haki kwanza. Banda la kuku limeupa kisogo upepo wa kusi, mboji iko kivulini chini ya mwembe, na sakafu ya mbuzi imeinuliwa kwa mbao zenye nafasi ili mavi yadondoke. Kazi safi. Sasa turudi kisimani.

Ripoti ya mpimaji wa maji ya ardhini ilikuwepo. Sheria haikuruhusu kuchimba bila upimaji na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na shemeji si mtu wa kuruka sheria. Tatizo ni kwamba aliitafuta karatasi ile kwa ajili ya muhuri. Ndani yake mliandikwa wazi kwamba mwamba ni wa tope lililoganda, maji yatakuwa machache, na chumvi inatarajiwa. Kijana wake wa kwanza aliisoma yote. Mashine ilipofika mita 40, yeye ndiye aliyesema, "Baba, tusimame hapa. Hesabu haijabadilika." Akaambiwa akalete chai ya mafundi.

Mikindani si Kisauni. Nimelisema hili tangu watu waanze kuhamia huku na bado linaonekana geni. Kule Kisauni na Bamburi chini kuna mawe ya matumbawe na mchanga. Mvua inazama, inakaa, na mtu huchimba kwa mkono akapata maji ya kutumia. Kule Tiwi ni mchanga vilevile, ndiyo maana visima vyake vinalisha Likoni. Upande wetu huu, kutoka Changamwe hadi Miritini, tumekalia mwamba ambao wanajiolojia wameupa jina la Changamwe yenyewe: matabaka ya tope lililolala chini ya bahari enzi za Jurasiki, likashindiliwa hadi likawa jiwe. Tope la namna hiyo halipitishi maji kwa urahisi, na kidogo linachokishika kimekaa na chumvi kwa muda mrefu mno. Kwa nini mnadhani wakoloni walivuta maji ya Mombasa kutoka Marere kule Shimba, kisha miaka ya 1950 wakaenda kuyatoa Mzima, Tsavo, zaidi ya kilomita 200? Wangeyapata hapa chini wasingehangaika na bomba.

Kwa hiyo ile "endelea" haikuwa ujasiri. Katika mwamba kama huu, kuongeza kina hakuahidi maji matamu zaidi. Mara nyingi unazidi kuifuata chumvi. Na fundi anayelipwa kwa mita hana sababu ya kukwambia usimame. Simlaumu. Alipoulizwa alijibu kwa adabu zote, "Mzee, maji yapo tu, ni suala la subira," na subira ile ilikuwa na bei yake kwa kila mita. Walipokaribia mara mbili ya mita zile 40 maji yakaja, watoto wakapiga vigelegele, jirani akaleta halua. Dada yangu akachota kwa kikombe, akaonja, akatema. "Haya," akasema, "ni ya kupikia wali bila kutia chumvi."

Hata baada ya hapo kulikuwa na nafasi ya kujiokoa. Chupa moja ingepelekwa maabara kabla ya pampu kununuliwa. Haikupelekwa. Pampu ikaja, sola ikaja, mipira ya dripu ikatandazwa, na matokeo mnayaona kutoka njiani: ukoko mweupe kwenye matuta, maharagwe yaliyoungua kingo za majani, biringani zilizodumaa, matundu ya dripu yaliyoziba. Jedwali la FAO ambalo kila afisa kilimo analijua linasema maharagwe huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1 kwa mita. Nyanya hufika 2.5. Kunde hukaribia 5. Shemeji alipanda maharagwe. Tena udongo wetu ni wa mfinyanzi, na magadi ya maji ya chumvi huuvunja na kuuziba, mvua ikinyesha inateleza juu. Shamba lililokuwa na tatizo la maji sasa lina matatizo mawili.

Wakati huohuo, juu ya vichwa vyao kuna mabati ya mita 12 kwa 10. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hilo halihitaji mashine. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Ondoa humusi kwa kumwagika na kukauka, paa lile linakupa kama lita 96,000. Mei ikiwa nzuri hufika milimita 200, yaani lita 19,200 kwa mwezi mmoja, karibu kujaza matangi mawili ya lita 10,000. Bustani ya mita 50 za mraba ikinywa lita 250 kwa siku, matangi hayo yanakuvusha karibu miezi mitatu ya kiangazi cha kaskazi. Mita zile walizoongeza baada ya 40 zilikuwa zimeshatosha kulipia matangi na gata.

Watu wa zamani walilijua hili bila kikokotoo. Ingieni Fort Jesus, ngome iliyojengwa kati ya 1593 na 1596. Mle ndani kuna birika la Wareno la kukingia mvua. Kuna pia kisima kilichochimbwa baadaye na Waarabu, zaidi ya mita 20 kwenda chini, na maji yake yakawa ya chumvi, ya kuoshea tu. Mtu anayeishi Mikindani anaweza kuliona kosa la shemeji, limejengewa kwa mawe, kwa nauli ya matatu.

Kisha kuna René Haller, ambaye siku hizi watu wanamkumbuka kwa twiga na kobe tu. Mwaka 1971 alipewa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi ayarudishie miti: matumbawe matupu, jua kali, maji ya chumvi hapo chini. Hakuanza kwa kulazimisha anachokipenda. Alijaribu aina 26 za miti, zikabaki tatu, ukiwemo mvinje, naye akasonga na hizo tatu. Majani ya mvinje yalipokataa kuoza, majongoo wakaletwa kuyatafuna yawe udongo. Kila hatua ilijibu kilichokuwepo ardhini. Haller asingeinunua ile pampu.

Lakini sisi tunapenda kitu kinachoonekana kutoka njiani. Ni ugonjwa uleule wa kware, mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, yai lilipouzwa kama dawa na vizimba vikajaa kila ua, kisha bei ikaporomoka. Mashine ya kisima ina kishindo, inakusanya watu. Gata haikusanyi mtu.

Shemeji, pesa zimeshakwenda. Maji yale yabaki ya chooni na ya kuoshea uwanja, dripu ing'olewe, na matuta yaoshwe na mvua ya masika kabla hamjayagusa tena. Pandeni kunde, maharagwe yangoje. Gata ziwe juu kabla ya Aprili, na kazi hiyo mpe yule kijana uliyemtuma chai.