Funika Majina Uone: Nani Anasema Nini kwenye Huckleberry Finn

Mwezi huu mzima mimi na rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, tumekuwa na mchezo wetu. Unachukua riwaya, unachagua kauli za wahusika, unaziandika kwenye vikaratasi bila jina la msemaji, unavichanganya. Mwenzako anavuta kimoja na kukisia: nani kasema? Zawadi hakuna. Anayekosea ananunua chai.

Riwaya tuliyoanza nayo ni Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain, iliyotoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani Februari 1885. Tuliichagua kwa sababu ya mbwembwe za mwandishi mwenyewe. Kabla hadithi haijaanza, Twain anaweka ilani fupi kuwa kitabu kina lahaja kadhaa: ile ya watu weusi wa Missouri, ile ya porini kabisa kusini-magharibi, ile ya kawaida ya Pike County, na namna nne nyingine zilizozaliwa na hiyo ya Pike County. Jumla saba. Anasema hakubahatisha, amezifanyia kazi, na anatoa maelezo hayo ili msomaji asije akadhani wahusika wote wanajaribu kuongea namna moja halafu wanashindwa. Sasa mtu akijigamba hivyo, si unampima?

Lakini kwanza nikiri kitu. Mara ya kwanza niliposoma kitabu hiki nilikuwa chuo, mwaka wa pili, na Jim nilimruka. Kweli kabisa. Twain anaandika maneno ya Jim jinsi yanavyotamkwa, herufi zimekatwa, nyingine zimepinda, na mimi Kiingereza changu ni cha darasani, cha kusoma kwa macho. Nikifika kwenye kauli ndefu ya Jim naona ukurasa umejaa vumbi, natafuta pale Huck anapoendelea kusimulia. Mtihani nilifaulu vizuri tu. Niliandika insha nzima juu ya urafiki wa Huck na Jim bila kumsikiliza mmoja wao.

Safari hii tulisoma kwa sauti. Na kwa sauti vumbi linatulia, maana maneno yale hayakuandikwa kwa ajili ya jicho.

Tuanze na walio rahisi. Tom Sawyer hakututoa jasho. Tom anaongea kama kitabu alichosoma jana na ambacho hajakielewa. Anapounda genge lake anawaambia wenzake kwamba mateka lazima wakombolewe kwa malipo, ndivyo vitabu vinavyosema, ila neno lenyewe halijui. Wakimbana, anaamua kwamba pengine maana yake ni kuwaweka mpaka wafe. Wanakubaliana, mambo yanaendelea. Ukivuta kikaratasi chenye mtu anayelazimisha jambo la kipuuzi kwa sababu “ndivyo inavyofanywa”, usipoteze muda, ni Tom.

Wale matapeli wawili, Mfalme na Duki, nilidhani watatuchanganya. Wapi. Duki ana elimu ya jukwaani, anakoroga Shakespeare kwenye sufuria moja na kuipakua kwa madaha, lakini sarufi yake imesimama. Mfalme ni mzee wa mikutano ya injili, machozi yako tayari muda wote, na maneno makubwa yanamponyoka mdomoni. Kwenye msiba wa Peter Wilks anakusudia kuzungumzia taratibu za maziko, anachomoa neno linalofanana nalo kwa sauti lakini lenye maana ya karamu za ulevi na uasherati. Duki anamwandikia kikaratasi cha kumsahihisha. Mzee hatetereki. Anawaeleza waombolezaji kwamba amelitumia neno hilo kwa makusudi, ndilo sahihi siku hizi, na analitungia asili ya Kigiriki papo hapo. Nilicheka mpaka jirani akauliza kulikoni. Sote tumewahi kumsikia mshereheshaji wa namna hiyo.

Ila hapo hapo kuna jambo zito. Mfalme anajifanya Mwingereza, na mji mzima unameza isipokuwa Daktari Robinson, anayemcheka usoni kwa sababu sikio lake limekataa. Baadaye ndugu wa kweli wa marehemu anashuka kutoka kwenye meli, anafungua mdomo, na Huck, mtoto asiye na shule ya maana, anatambua palepale: huyu ndiye anayetamka Kiingereza cha Uingereza, ingawa anakubali kwamba Mfalme kwa mwigaji hakuwa mbaya. Yaani ndani ya hadithi yenyewe mchezo wetu unachezwa, na dau lake ni mali ya mabinti watatu yatima. Wakubwa wa mji hawaamini masikio yao, wanakimbilia kulinganisha miandiko, wanakimbilia chale kifuani mwa maiti. Kijana alishasikia.

Huck mwenyewe ndiye aliyetusumbua. Kama msimulizi, sauti yake iko kila mahali. Kama mzungumzaji, anabadilika kila anapokutana na mgeni. Mara ni binti, mara ni mwanafunzi wa fundi aliyetoroka, mara George Jackson. Tulipoteza vikombe kadhaa vya chai kabla rafiki yangu hajaona siri: sikiliza familia. Kila Huck anapodanganya, anatunga familia, na kila familia anayoitunga inaumwa, inazama au imekufa. Mama yuko kitandani. Baba na dada wako kwenye chelezo, wagonjwa, na wale watu wenye bunduki wanaotafuta watumwa waliotoroka wanajaza wenyewe neno ndui ambalo Huck hajalitamka. Kwa Mfalme na Duki anasimulia ukoo mzima uliokwisha. Mtoto wa mlevi anayempiga hana hazina nyingine ya kuchota uongo. Halafu wakili mmoja anamsikiliza kwenye sakata la akina Wilks na kumshauri aache kujisumbua, maana inaonekana hajazoea kusema uongo! Masikini wakili. Kijana alikuwa amedanganya tangu sura za mwanzo.

Sasa tufike kwa Jim, maana ndiye aliyenifanya niandike makala hii.

Nilivuta kikaratasi, nikasema “Jim” bila kufikiri. Nikakosa. Alikuwa Jack, mtumwa wa akina Grangerford. Nikavuta kingine: Jim. Nikakosa tena, alikuwa Nat, yule anayempelekea Jim chakula shambani kwa akina Phelps. Mwenzangu naye akaanguka palepale. Tulipotazama tukaona sababu: watu watatu weusi wameandikwa kwa tahajia moja. Wazungu wa Twain wamegawiwa lahaja sita, weusi moja. Tahajia inakwambia rangi ya msemaji, haikwambii jina lake. Hiyo ni kasoro ya kitabu, na sioni sababu ya kuifunika kwa sifa za ilani.

Tukabadilisha sheria. Nilimwomba mwenzangu aziandike upya kauli za hawa watatu kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, bila lafudhi yoyote, tuone kama kuna kitakachobaki. Kikabaki, tena kingi.

Jack anaongea kwa mafumbo ya kujilinda. Anamwita Huck akamwonyeshe nyoka wa majini huko bwawani, kumbe anampeleka alikojificha Jim. Mambo yakiharibika ataapa kuwa hajui lolote, na hatakuwa amedanganya. Nat anaongea kwa hofu, wachawi wamemzunguka. Jim anauliza. Hiyo ndiyo alama yake. Jim anaweka swali, anangoja jibu, anaweka la pili juu yake, mpaka unajikuta umesimama ukutani. Huck anamwambia kwamba Wafaransa wanaongea lugha nyingine, na hilo ni jambo la kawaida, kwani hata paka na ng’ombe hawaongei sawa. Jim: je, paka ni mtu? Hapana. Ng’ombe ni mtu? Ng’ombe ni paka? Hapana. Basi hawana sababu ya kuongea sawa. Mfaransa je, ni mtu? Ndiyo. Sasa kwa nini haongei kama mtu? Huck anashindwa, na kwa kuwa ameshindwa anatuambia msomaji kwamba watu kama Jim hawafundishiki kubishana, na anawataja kwa lile tusi la rangi ambalo kitabu kinalirudia zaidi ya mara 200.

Watu wengi hucheka hapo wakimcheka Jim. Soma kwa sauti, sauti mbili, watu wawili, uone nani amemfunga nani. Jim amekosea kuhusu lugha za dunia. Kuhusu hoja hajakosea hata hatua moja.

Na swali hilohilo linarudi karibu na mwisho, Tom akiwa na risasi mguuni. Jim anaweza kukimbia akawa huru. Anauliza: kama ni Tom anayekombolewa na mmoja wetu amepigwa risasi, Tom angesema niokoeni mimi, huyo mwacheni bila daktari? Anajibu mwenyewe kwamba asingesema, kwa hiyo na yeye habanduki. Ni mantiki ileile ya paka na ng’ombe, safari hii bei yake ni shingo yake.

Kuna pia kile kisa cha binti yake, Elizabeth. Alimwambia mtoto afunge mlango, mtoto akasimama tu akitabasamu. Akarudia kwa ukali, mtoto hakutikisika. Akampiga. Kisha upepo ukaubamiza mlango nyuma ya mtoto kwa kishindo, naye hakushtuka hata kidogo. Homa aliyougua ilikuwa imemwachia uziwi. Twain anampa Jim kisa hicho akisimulie mwenyewe, kwa tahajia ileile niliyoiruka nikiwa chuo.

Mwaka 2024 Percival Everett alitoa James, riwaya inayosimulia safari hiyohiyo kwa kinywa cha Jim, ikashinda National Book Award, na mwaka uliofuata Pulitzer. Humo watumwa wakiwa peke yao wanaongea Kiingereza sanifu kilichonyooka. Ile lahaja ni vazi wanalovaa mzungu akitokea, na James anawafundisha watoto namna ya kuongea “vibaya” ili wasiuawe. Ni wazo kali, linachekesha na linakata. Kila anayebadilisha lugha akiingia ofisini na kuirudisha akishuka kwenye daladala atalielewa haraka.

Nilikipenda kitabu. Bado kuna kitu kilinikereketa, na nilichelewa kukipatia jina. Ili nione kwamba James ana akili, Everett ananipa mtu anayeongea kama profesa. Najua ni kejeli, najua anawapiga wasomaji waliomdharau Jim kwa sababu ya herufi zilizokatwa. Lakini Jim wa mwaka 1884 alikuwa na akili zake zote ndani ya lahaja ileile. Hakuhitaji kuivua.

Pengine linaniuma kwa sababu ya kazi yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimhoji mvuvi mmoja mzee kule Kilwa kuhusu samaki kupungua. Alikuwa muulizaji kama Jim. Kila nilichouliza alinirudishia swali, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani ya kusini, kitamu, chenye maneno ya pepo na maji ambayo sikuwahi kuyasikia. Gazeti nililofanyia kazi wakati ule lilipochapa habari, mzee alikuwa anasema kwamba wavuvi wanaiomba serikali iangalie suala hilo kwa jicho la pekee. Mhariri aliinyoosha, ndiyo, lakini mimi ndiye niliyeianza kazi hiyo nilipokuwa nanakili kutoka kwenye simu. Ukivuta kikaratasi cha mzee yule leo utasema ni afisa habari wa wilaya.

Ernest Hemingway, aliyekuja Tanganyika kuwinda miaka ya 1930, aliandika kwenye Green Hills of Africa, kitabu cha 1935, kwamba fasihi yote ya kisasa ya Marekani inatokana na Huckleberry Finn. Aliyasema hayo kwenye kitabu ambamo wabeba bunduki na wafuatilia nyayo wanaongea Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kinatufikia vipandevipande. Anashauri pia usimamie pale Jim anapoibwa kwa Huck, kinachofuata ni udanganyifu. Kwa mchezo wetu ana hoja: vikaratasi vya Jim kutoka shambani kwa akina Phelps ndivyo vigumu kuliko vyote, kwa sababu huko Tom amegeuka mpangaji wa kila kitu na Jim anaitikia tu. Ila ukimtii Hemingway utalikosa lile swali la daktari.

Kuna kikaratasi kimoja hatujakubaliana bado. Mwenzangu alikisia Jim, ilikuwa Huck, na amekataa kununua chai. Anaegemea kitabu cha Shelley Fisher Fishkin cha 1993, kinachodai kwamba sauti ya Huck ilichota kwa mtoto mweusi ambaye Twain alimwandika gazetini mwaka 1874 chini ya jina la Jimmy. Anasema kama Fishkin yuko sahihi, basi sikio lake halikukosea. Mimi nasema sheria ni sheria.

Ukitaka kujaribu, anza na sura ya 14 na ya 15. Tafuta mtu wa pili, msome kwa sauti, na yule mwenye Kiingereza kizuri zaidi mpe Jim. Kwenye sura ya 15, baada ya ukungu, Jim anamwambia Huck kwamba takataka ni watu wanaowatia rafiki zao uchafu kichwani na kuwaaibisha. Kisha ananyanyuka taratibu na kuingia kibandani. Robo saa nzima inapita kabla Huck hajaweza kwenda kumwomba radhi. Mkifika hapo msiendelee haraka. Nyamazeni kidogo, muisikie hiyo robo saa.