Kitabu cha Milnor na Stasheff Kisomwapo Mpanda

Kitabu cha John Milnor na James Stasheff juu ya klasi bainishi kilitolewa na Princeton University Press mwaka 1974, nacho kilitokana na mihadhara aliyoitoa Milnor mwaka 1957. Wengi wasomeao topolojia katika shahada za juu hukabidhiwa hicho, na sifa zake zimesemwa sana. Mimi nimekisoma hapa Mpanda, kurasa nyingine ndani ya treni ya kwenda Kaliua, mbali na mtu wa kumwuliza. Na kisomwapo hivyo, kitabu huonyesha sura nyingine.

Jambo lenyewe si gumu kulidokeza. Chukua ukili, uunge ncha zake uwe duara. Katika kila nukta ya duara fikiria mstari mmoja unaokatiza upana wake: hilo ndilo tita la vekta, ijapokuwa neno "tita" linanikera kidogo, maana kuni za tita hurundikwa pamoja, hali mistari hii kila mmoja una nukta yake. (Mganda tuuache, wanahisabati wana kitu kingine kinachostahili jina hilo.) Sasa geuza ncha moja juu chini kabla ya kuunga. Chora mshale uelekeao juu, uupeleke duara zima: unarudi ukielekea chini. Basi ukitaka mishale iafikiane, mahali fulani sharti ufifie hata uwe sifuri. Klasi ya kwanza ya Stiefel na Whitney huhesabu hilo tu: 0 kwa ukili ulionyooka, 1 kwa uliogeuzwa, na ukigeuza mara mbili inarudi 0.

Milnor na Stasheff hawaanzi na ukili. Sehemu ya 4 inaweka masharti manne ya klasi hizi bila kuthibitisha kwamba zipo. Uthibitisho unangoja hadi sehemu ya 8. Katikati tunakula kwa mkopo. Chakula ni kitamu, sikatai. Kwa masharti hayo tu inaonyeshwa kwamba vekta za vipimo n haziwezi kuzidishwa, pasipo mbili zisizo sifuri kuzaa sifuri, ila n iwe 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo. Mwaka 1958 ikathibitishwa kuwa huishia 8. Lakini deni hilo huvumiliwa na mwenye dhamana. Augustin Banyaga, mzaliwa wa Rwanda aliyepata udaktari Geneva mwaka 1976, alikuwa na André Haefliger wa kumwongoza. Aliye peke yake hushuku akili zake kabla ya kukishuku kitabu.

Lawama yangu kubwa ni Nyongeza C. Humo ndimo klasi zinapohusishwa na mpindo wa maumbo, nayo imetupwa mwisho kabisa. Humo yumo Gauss na Bonnet: mpindo wote wa tufe ni 4π, hata ukilibonyeza likawa kama kibuyu kisichotobolewa. Mambo ya namna hii mtu huyashika kwa mikono.

Mwalimu mmoja kijana wa hapa aliponiazima kitabu, nilimtaka aanzie huko nyuma. Deni la sehemu ya 4 bado hajalilipa, ila anajua sasa alikopa nini.