Alama, ishara na bonasi ya chai

Hisabati ina fanksheni inayopokea namba yoyote na kurudisha jibu moja kati ya matatu: 1 ikiwa chanya, 0 ikiwa sufuri, -1 ikiwa hasi. Kuiita 'fanksheni ya alama' kunapotosha; mwanafunzi wa Litein akisikia alama, anawaza za mtihani tu. Kwa Kiingereza nako jina lake hutamkwa sawa na sine ya trigonometria, ndiyo maana wengi hukimbilia Kilatini: signum. Mimi naona 'ishara' inafaa zaidi.

Lakini jamani, wanahabari wetu nao! 'Bonasi imepanda,' wanaandika. Kwa senti 10 kwa kilo, au shilingi 10? Mkulima wa Bomet amepewa ishara, kiasi kimeachwa chumba cha habari.