Lita na Ratili: Uhakiki wa Alama za Asili ya Maneno katika Kamusi za Kiswahili

Kandokando ya uwanja wa Nakivubo mafuta ya kula hupimwa kwa lita na maharage kwa kilo. Ratili, iliyowahi kutawala mizani ya pwani, imefifia tangu mfumo wa metriki uliposhika. Kamusi zetu huipa ratili alama ya Kiarabu na lita alama ya Kiingereza. Makala haya yanadai kwamba alama hizo, ingawa si za uongo, zinapotosha pale zinapogeuzwa kuwa hoja ya sera ya istilahi.

Lita ilirasimishwa Ufaransa mwaka 1795. Jina lake lilitoholewa kutoka litron, kipimo cha kale cha nafaka cha Wafaransa, ambalo asili yake ni litra ya Kiyunani kupitia Kilatini cha zama za kati. Litra, hata hivyo, ilipima uzito, si ujazo. Neno hilohilo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wanaisimu wengi, lilipitia Kiaramu na kuingia Kiarabu huku konsonanti zake zikibadilishana nafasi: l-t-r ikawa r-t-l, yaani ratl. Kiswahili kikalipokea kuwa ratili. Basi ratili, inayodhaniwa kuwa ya kizamani, ndiyo iliyohifadhi maana ya uzito. Lita, inayodhaniwa kuwa ya kisayansi, imeiacha.

Wakia, aunsi na inchi nazo ni ndugu: zote zatokana na uncia ya Kilatini, sehemu moja ya kumi na mbili. Kamusi inawatenganisha kwa alama mbili. (Kilo nayo ni "elfu" ya Kiyunani, mnunuzi wetu hutaja elfu na kuisahau gramu.)

Uganda iliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na vitabu vya sayansi vitahitaji istilahi. Kamati itakayochagua neno kwa kuukimbia Uarabu au Uingereza wake itakuwa imeukimbia mlango wa mwisho tu. Sipendekezi kuifufua ratili; takriban gramu 450 hazina nafasi katika hesabu ya makumi. Napendekeza kamusi ionyeshe njia nzima ya neno, na kamati iulize kama mwanafunzi analielewa na muuzaji analitumia. Lita inafaulu yote mawili. Desimita ya ujazo, ambayo ni kiasi kilekile, sijaisikia ikitajwa sokoni hata mara moja.