Masikio Yasiyohesabiwa: Mashine ya Kupendekeza Nyimbo na Bonde la Kilombero

Katika enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, mshauri wa nyimbo alikuwa mtangazaji wa kipindi cha salamu. Msikilizaji wa Ifakara aliandika kadi, akataja wimbo autakao na jina la ampelekeaye, na nchi nzima ikausikia pamoja nao. Leo kazi hiyo hufanywa pia na kanuni za kompyuta, ndani ya programu kama Boomplay, iliyoanza mwaka 2015, na Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021. Mshauri huyu mpya anajua nini, na amejulia wapi?

Asili ya ujuzi wake si fumbo. Mwaka 1994, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ilitengenezwa Ringo, programu iliyowataka watu wawape wanamuziki alama, kisha ikamlinganisha kila mmoja na wenye ladha iliyo karibu na yake. Alichokipenda mwenzio, nawe hujakisikia, ndicho ulichopewa. Programu za leo aghalabu haziulizi. Hutazama tu wimbo gani umesikilizwa hadi mwisho na upi umerukwa. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na za Marijani Rajabu zikisikilizwa na masikio yale yale, mashine huziweka ujirani. Nyingine hupima mwendo na mdundo wa sauti yenyewe, au hupitia yaliyoandikwa juu ya mwanamuziki.

Kwa mpenzi wa ushairi, ni rahisi kuilaumu mashine kwa kuhesabu mizani pasi na kuonja maana. Lawama hiyo ina haki yake, ila kasoro nzito zaidi imo katika hesabu yenyewe. Bondeni Kilombero wimbo hupita pia kwa njia zisizoacha alama: memori kadi iliyojazwa kibandani, flashi ya dereva wa basi, redio ya jamii kama Pambazuko FM. Mkulima wa mpunga aweza kuusikia wimbo mmoja tangu kupanda hadi kuvuna, na mashine isimhesabu hata mara moja.

Hali ni ngumu zaidi kwa sangula, ngoma ya Wapogoro. Wimbo wa ngoma usiorekodiwa hauna msikilizaji wa kuhesabiwa, na hata ukirekodiwa huanza bila jirani. Usiposikilizwa haupendekezwi, usipopendekezwa hausikilizwi. Kijana wa Ifakara huletewa yaliyokwisha kupendwa na wengi mijini, akadhani ladha hiyo ni yake mwenyewe.

Muuza nyimbo wa kibandani naye ana mipaka: ajuacho hakivuki wateja wake. Lakini yeye aweza kuuliza kama shughuli ni ya harusi au ya msiba, na jibu likabadili uchaguzi.

Wasomaji wa visiwani wanaijua thamani ya kurekodi. Sauti ya Siti binti Saad iliingizwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928, na kwa hiyo hata mashine ya leo ina cha kushika. Nyimbo za bonde zinastahili heshima hiyo: zirekodiwe, na kila moja iandikiwe jina la ngoma, la mwimbaji, la kijiji na la lugha yake. Bila hayo, mashine itaendelea kulipangia bonde nyimbo za wengine.