Ubeti Wenye Pande Mbili

Mstari wenyewe ni huu, kama ulivyokaa kwenye ruta ya MikroTik upande wa mjini Mwanza, si mbali na gati ya kivuko cha Kamanga:

/interface bonding add name=bond-kamanga mode=802.3ad slaves=ether2,ether3

Ukiupitia haraka huoni kasoro. Una jina, una namna ya kufanya kazi, una watumwa wawili. (Neno hilo la utumwa silipendi, lakini ndilo lililoandikwa, na mhakiki hasomi anachotamani.) Kazi yake ni kufunga poti mbili ziwe njia moja, yaani bondi. Kila poti imeunganishwa na redio yake, kila redio na dishi lake linalotazama ng'ambo ya ghuba, Kamanga, upande wa Sengerema. Redio moja ikizimika, ya pili inabeba.

Mstari huu nimeuandika mimi, na umenyamaza mahali pawili.

Pa kwanza ni kwenye kugawa mzigo. Sikutaja transmit-hash-policy, ruta ikachukua mazoea yake, layer-2: hutazama anwani ya MAC ya mtumaji na ya mpokeaji, ikapiga hesabu, ikachagua poti. Kati ya ruta mbili zinazotazamana, anwani hizo ni mbili tu, asubuhi hadi usiku. Hesabu ileile, jibu lilelile. Poti ya ether2 ikajaa hadi watu wakaanza kupiga simu, ether3 inawaka taa haina kazi. Ni kama vivuko viwili vimefunga gatini, na karani anayapeleka magari yote kwenye kimoja kwa hoja kwamba yote yanatoka Mwanza na yote yanakwenda Kamanga. Neno lililokosekana ni layer-3-and-4, linaloingiza kwenye hesabu anwani za IP na namba za poti za programu, ili mazungumzo tofauti yapate njia tofauti. Hata hapo, mazungumzo mamoja hubaki kwenye redio moja, pakiti zisije zikafika zimepishana. Anayepakua faili moja kubwa hataona kasi ikiongezeka mara mbili. Mteja halipendi jibu hili, lakini ndilo.

Ukimya wa pili ni mzito zaidi. Kiwango cha 802.3ad, kilichopitishwa mwaka 2000 na kuhamishiwa 802.1AX mwaka 2008, kinazitaka ruta zipigiane hodi, kwa itifaki iitwayo LACP: mimi ni fulani, hii ni poti yangu namba kadhaa, na wewe nakusikia hivi. Usipotaja lacp-rate, hodi huja kila sekunde 30, na jirani huhesabiwa kuwa hayupo baada ya hodi tatu kukosekana. Sekunde 90. Ndani ya kabati moja la mitambo hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa kebo ikikatika taa ya poti huzimika papo hapo. Sisi katikati tuna redio. Kebo fupi kutoka ruta hadi redio ni nzima, taa inawaka kijani, na huko juu ya maji mvua imeshaua mawasiliano. Ruta inaendelea kumwaga pakiti ziwani dakika moja na nusu. Ukiandika lacp-rate=1sec, inagundua ndani ya sekunde tatu.

Sasa tazama nafsi ya neno hilo, lacp-rate. Linasomeka kama kauli ya mtu kuhusu yeye mwenyewe: napiga hodi kila sekunde. Katika Linux, ambayo RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, imejengwa juu yake, maana yake imegeuka: ni ombi kwa jirani, nipigie wewe hodi kila sekunde. Umbo ni la nafsi ya kwanza, maana ni ya pili. Nusu ya mstari wa Mwanza inamsemesha Kamanga. Tangu nilipoliona hilo sijaweza tena kusoma usanidi wa ruta moja kama maandishi kamili. Ni majibizano yaliyochapwa sauti moja tu.

Hapo ndipo kiolezo changu cha kwanza cha kuzalisha usanidi wa ruta kilipokosea, nacho kilikuwa kizuri kwa macho. Kilikuwa na orodha ya ruta, na kwa kila ruta kilirudia mistari ileile, majina na namba zikijazwa kwenye nafasi zake. Ansible, chombo alichokianzisha Michael DeHaan mwaka 2012, kinakuvuta uandike hivyo: sarufi yake huanza na mashine, kisha kazi za kufanya kwenye mashine. Ubeti ni ruta. Matokeo yake Mwanza ikawa na safu yake kwenye orodha, Kamanga safu yake, mbali kabisa. Nikairekebisha moja nikaisahau nyingine. Toleo la pili nimelipindua. Safu moja ni njia moja, yenye ncha mbili: Mwanza ether2 na ether3, Kamanga ether4 na ether5. Sera ya mzigo na mwendo wa hodi vimetajwa mara moja, na kutoka hapo kiolezo kinatoa maandishi ya pande zote mbili. Ni refu zaidi, na kwa mtu anayependa programu fupi linachosha. Mimi nalipenda kwa sababu huwezi kuisahau Kamanga: ukiacha nafasi yake wazi, hakitoki kitu.

Palibaki kosa la mdundo. Maandishi ya ng'ambo niliyatuma mshororo kwa mshororo, kupitia njia ileile niliyokuwa naibadilisha. Mshororo wa kwanza ukaunda bondi. Papo hapo poti zikatoka kwenye anwani zake, muunganiko ukakatika, na mshororo wa pili, wenye kuipa bondi anwani ya IP, haukufika kamwe. Nikakata tiketi ya kivuko, kompyuta begani. Jiwe la Bismarck, lile la ziwani Mwanza, linaonekana vizuri sana ukiwa umekasirika. Siku hizi ubeti unakwenda mzima: faili linavushwa kwanza, linalala kwenye ruta ya ng'ambo, kisha kwa amri ya /import linasomwa hukohuko bila kungoja neno lolote kutoka mjini. Pembeni nimetega saa ya kurudisha usanidi wa zamani baada ya dakika kumi nisipoizima.

Kisha naangalia /interface bonding monitor bond-kamanga. Baadhi ya mistari inanirudishia nilichokiandika: namna, poti. Mmoja, lacp-partner-system-id, unaonyesha anwani ya ruta ya Kamanga, na hiyo haimo kwenye kiolezo changu popote.